Sura ya Mwezi wa Nane

Kalenda ilikuwa imebakiza mwezi mmoja tu. Winifrida alikwisha kuchora Januari, watu wakipalilia maharage. Machi, mvua ikipiga mabati ya soko la Kasulu. Juni, mihogo iliyomenywa ikianikwa juu ya majabali. Agosti peke yake ilimkatalia. Mara nne aliichora, mara nne akaichana.

Hiyo ilikuwa kalenda yake ya kwanza. Kwa miaka saba alikuwa ametengeneza kadi: kadi za mchango, kadi za mwaliko wa harusi, za kipaimara, za shukrani. Watu walimfuata kutoka Buhigwe hadi Kibondo kwa sababu ya karatasi yake, ambayo hakuinunua popote. Aliitengeneza mwenyewe uani, nyuma ya duka lake mjini Kasulu, kwa magome ya migomba na makaratasi yaliyotupwa na maofisi. Magome yalikatwakatwa, yakachemshwa na majivu, yakatwangwa kwenye kinu mpaka yakawa kama uji. Uji ule ulimwagwa kwenye beseni la maji, ukachotwa kwa fremu yenye wavu, ukaanikwa juani. Karatasi iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nyuzi ndogondogo zilizoonekana ukiinyanyua kwenye mwanga. Mtu aliyewahi kupokea kadi ya Winifrida hakuhitaji kuambiwa imetoka wapi.

Aliyetwanga alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Ininahazwe, lakini kila mtu alimwita Mama Uwimana, kwa jina la binti yake wa miaka saba. Alikuwa amekuja kutoka Burundi miaka mitatu nyuma, akapanga chumba katika kijiji cha Heru Juu, nje ya mji, kwa mjane mmoja wa kanisani, Mama Immakulata. Hakuwa msemaji. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Ulipinda kwenye kiwiko na kutazama nje, kama mfupa uliovunjika ukaachwa uunge wenyewe. Winifrida hakuwahi kumuuliza.

Mchana mmoja wa Oktoba, Uwimana alitoka shule akaja uani kumngoja mama yake. Alilaza kichwa mapajani mwake, akamsimulia kitu kuhusu mwalimu na mbuzi aliyeingia darasani. Mama yake akacheka. Winifrida hakuwahi kumwona akicheka hivyo, kichwa nyuma, mwanya wa meno nje, mkono ule uliopinda ukiwa umeinuliwa kufuta jasho. Alishika kalamu, na kabla kicheko hakijaisha mchoro ulikuwa umekwisha. Alijua hapo hapo kwamba Agosti imepatikana.

Ininahazwe alipoinuka kuchukua ndoo, aliuona. Akasimama.

"Mama Deborah, huyu ni mimi," alisema.

Winifrida, ambaye binti yake Deborah alikuwa shule ya bweni, alimjibu kwamba ndiyo, ni yeye, na amependeza.

"Usiniweke humo. Kuna mtu sitaki anione."

Hakusema ni nani, na Winifrida hakuuliza. Alimwambia tu kwamba ataibadilisha sura, atachora ya mtu mwingine kabisa.

"Na mkono," Ininahazwe akasema.

"Na mkono pia. Nakuahidi."

Siku ile alikuwa anasema kweli. Usiku wa kuamkia kesho yake alilala akiwa na nia hiyo, na asubuhi alikaa na karatasi pembeni akajaribu pua nyingine, mdomo mwingine, mkono ulionyooka. Kila alichobadilisha kiliua kicheko. Mumewe Sylvesta, mwalimu wa sekondari, aliutazama ule mchoro wa kwanza akasema katika vyote alivyowahi kuchora hakuna kinachokaribia huu. Mwisho Winifrida alibadilisha kitenge. Cha maua akakifanya cha mistari, akajiambia inatosha, kwa kuwa nani atazunguka nchi nzima kutafuta sura ya mtu kwenye kalenda? Chini yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mama wa Heru Juu, Agosti.

Kalenda zilichapishwa Kigoma mjini, nakala mia mbili, na majalada yake yakatoka kwenye karatasi ya migomba. Wiki ya kuzishona pamoja, Winifrida alimwambia Ininahazwe apumzike nyumbani, hakuna magome. Alizishona peke yake chumbani, mlango umefungwa. Desemba Ininahazwe alimwomba moja ya kutundika, akisema Uwimana ameanza kusoma tarehe na anapenda kuzihesabu. Winifrida alimjibu kwamba zote zina wenyewe. Badala yake alimpa kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, na Ininahazwe akamshukuru kwa mikono miwili. Zile shukrani zilimkaa vibaya kwa siku kadhaa, kisha zikamtoka.

Jumanne moja ya Februari, asubuhi, mwanamume aliingia dukani. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na sauti ya upole, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kirundi. Alijitambulisha kuwa ni Floribert Manirambona, anafanya biashara ya mahindi kati ya ng'ambo ya mpaka, Burundi, na Manyovu, na kwamba anaoa. Alitaka kadi mia moja na hamsini. Winifrida alifungua daftari la oda akaandika kama kawaida: bwana harusi, Floribert, bibi harusi, Claudine, binti wa Mzee Pasikali wa Manyovu, ndoa, Jumamosi ya tatu ya Agosti. Kwa kuwa chini ya kadi huwekwa mawasiliano, aliandika namba ya simu ya bwana harusi na ya bibi harusi.

Walipomaliza kuchagua rangi ya utepe, yule mwanamume alieleza alivyofika pale. Kamati ya harusi ilikuwa imekaa kwa baba mkwe wake kupanga tarehe. Kalenda ilishushwa ukutani, ikafunuliwa hadi Agosti.

"Yule mama wa Agosti," alisema, "ulimtoa kichwani, au ni mtu?"

Winifrida alicheka. Alisema ni mtu, tena anamfahamu vizuri.

Floribert aliinamisha uso. Alipouinua, macho yake yalikuwa na maji. Alisema yule ni dada yake, tumbo moja. Walipotezana wakati wa kukimbia, na mama yao sasa ni mzee, kila jioni anakaa mlangoni akimngoja. Yeye mwenyewe ametafuta kambini, ametafuta mpaka Titye walikokuwa na shangazi, akakata tamaa.

"Umeuchora hata mkono wake," alisema. "Nilipouona mkono, nikajua."

Maneno ya uani, kuna mtu sitaki anione, yalimpitia Winifrida kichwani. Hakuweza kusema baadaye kwamba alikuwa ameyasahau. Lakini mbele yake alikaa mtu mzima anayelia, na mtu huyo alikuwa amemtambua ndugu yake kwa kalamu yake yeye. Alijisikia mkubwa. Alimwelekeza: Heru Juu, ukishapita mashine ya kusaga, nyumba ya Mama Immakulata yenye mlango wa bluu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kuna na mtoto, anasoma darasa la kwanza shule ya pale pale.

Floribert alimwomba asimwambie dada yake, ili aende kumshtua kwa furaha. Winifrida alikubali.

Jumatano Ininahazwe alikuja kazini kama siku zote. Alitwanga. Winifrida alipita karibu yake mara mbili tatu akitabasamu, akiwaza jinsi huyu mwanamke atakavyopiga vigelegele, na jinsi atakavyomwambia, siku hiyo, kwamba ilikuwa kazi ya kalenda. Saa tisa Ininahazwe alinawa mikono akaondoka.

Alhamisi hakuja kazini. Saa nne alitokea mlangoni, miguu mitupu, akiwa ameshikwa na Mama Immakulata. Mama Immakulata ndiye aliyesema. Uwimana hakurudi jana kutoka shule. Watoto wenzake wameeleza kwamba mwanamume mwenye bodaboda alimwita kwa jina, akampa soda, akamwambia yeye ni baba yake, akampakia.

"Ni Floribert," Ininahazwe alisema. Alikuwa akitazama sakafu. "Aliyenivunja mkono. Nilimkimbia na mtoto akiwa mgongoni. Sijui amejuaje."

Winifrida alishika kona ya meza. Ulimi wake ulikuwa tayari, na mtu angemsukuma kidogo tu angesema. Hakuna aliyemsukuma. Mama Immakulata alikuwa akimwomba awasindikize polisi kwa kuwa yeye anafahamika mjini na anajua kujieleza. Alifunga duka wakaenda.

Kituoni askari aliwasikiliza vizuri. Aliuliza jina la mwanamume, akapewa. Aliuliza anakaa wapi sasa, anafanya kazi gani, ana simu. Ininahazwe alitaja mlima, yaani kijiji, walikokaa Burundi, akasema hajui zaidi. Askari alisema bila namba wala mahali itakuwa kazi, lakini watatuma taarifa mpakani. Kisha akamgeukia Winifrida akamuuliza kama yeye ana lolote la kuongeza.

Daftari la oda lilikuwa kwenye mkoba wake, mapajani.

"Hapana," alisema.

Jioni alimweleza Sylvesta kila kitu. Sylvesta akasema mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshajiambia njiani. Mtoto yuko kwa baba yake, hakuuawa. Polisi wameshaambiwa, watafanya kazi yao. Watu wakijua kwamba yeye ndiye aliyemwelekeza, hakuna atakayekanyaga tena dukani, na yule mwanamke hatarudishiwa mtoto kwa sababu hiyo. Alisema kwa wema. Winifrida alitamani aseme kinyume.

Ijumaa hakufungua duka. Alifikiri njia ya katikati: ataiandika ile namba kwenye kikaratasi na kukipitisha chini ya mlango wa bluu, bila jina. Alipokichukua kikaratasi akaona ni cha migomba, ambacho hata mtoto angekitambua. Akatafuta karatasi ya daftari la Deborah. Mwandiko wake nao ulijulikana wilaya nzima. Ulikuwa kwenye kadi zilizotundikwa majumbani mwa watu. Akaandika kwa mkono wa kushoto, namba zikayumbayumba kama za mtoto anayejifunza. Alipanda bodaboda mpaka Heru Juu, akashuka kwenye mashine ya kusaga, akatembea. Nyumbani kwa Mama Immakulata kulikuwa na akina mama wa jumuiya wanasali uani. Mmoja alimwona akampungia mkono aje. Winifrida alimpungia naye, akageuka, akarudi mjini na kikaratasi chake kikiwa kimelowa jasho kiganjani.

Jumamosi asubuhi alichukua kalenda moja na daftari la oda akaenda tena. Safari hii hakupanga la kusema, maana alijua akipanga atapata tena sababu ya kugeuka.

Ininahazwe alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake. Juu ya kamba sketi ya pili ya shule ya Uwimana ilikuwa imeanikwa, imekauka, hakuna aliyeianua. Winifrida hakukaa. Aliifunua kalenda mpaka Agosti, akaiweka mapajani mwa Ininahazwe.

Ininahazwe aliitazama. Alipitisha kidole juu ya uso wake mwenyewe, akashuka nacho mpaka kwenye kiwiko, kisha kwenye kichwa cha mtoto. Kidole kikakaa hapo.

"Uliniahidi," alisema.

"Niliahidi. Nilijaribu kubadilisha, ukawa mbaya, nikauacha."

"Ukawa mbaya."

"Ndiyo."

Winifrida aliendelea kabla ya woga kumrudia. Alisema Floribert alikuja dukani Jumanne, akajifanya kaka yake, akalia. Alisema yeye ndiye aliyemwambia Heru Juu, na mashine ya kusaga, na mlango wa bluu, na shule. Alisema alikuwa na namba ya simu siku ile kituoni, kwenye mkoba, na akanyamaza kwa sababu aliogopa. Kila alichosema kilikuwa kidogo kuliko alivyokibeba, akashangaa kwamba hakuona nafuu yoyote.

Alitegemea kupigwa, au kutukanwa. Mama Immakulata, aliyekuwa ametoka jikoni na kusikia yote, alianza kusema kwa Kiha maneno makali. Ininahazwe alimnyamazisha kwa mkono.

"Nipe hiyo namba."

Simu ya Floribert ilikuwa imezimwa. Winifrida akasema kuna namba ya pili, ya mwanamke anayemwoa. Ininahazwe alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Piga wewe," alisema. "Wewe ndiye unayejua kuongea na watu."

Claudine alipokea akidhani ni habari za kadi. Alianza kueleza kwamba utepe wa dhahabu umebadilishwa, wanataka wa kijani. Winifrida alimkatiza, akamweleza yote. Kisha Claudine akasema, polepole, kwamba Floribert alimwambia kwamba mke wake alikufa kwa uzazi, yeye na mtoto.

"Alipita hapa na msichana," alisema. "Alisema ni wa marehemu kaka yake, anampeleka kwa bibi. Alikuwa na sare ya shule. Walifika Jumatano jioni, wakakaa Alhamisi yote akingoja mzigo wa mahindi. Jana asubuhi nilimpa yule mtoto chai, ndipo wakavuka."

Simu ilikuwa kwenye spika. Ininahazwe alisikia kila neno.

"Jana asubuhi," alisema.

Winifrida alikuwa ameshapiga hesabu ile mwenyewe. Alhamisi, alipokuwa amekaa kituoni na daftari mapajani, Uwimana alikuwa Manyovu kwa Mzee Pasikali, mwendo wa saa chache kwa gari. Ijumaa, alipokuwa akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mtoto alikuwa akinywa chai.

Mambo yaliyofuata yalifanywa na watu wengine. Mzee Pasikali, baba yake Claudine, mwenye umri wa miaka sabini, alikuwa amefika yeye mwenyewe kutoka Burundi akiwa mtoto, na alikuwa na ndugu pande zote mbili. Alituma ujumbe kwa ukoo wa Floribert kwamba hakuna ndoa, na mahari itarudishwa mpaka ng'ombe wa mwisho, lakini mtoto lazima arudi kwa mama yake kwanza. Polisi walipewa namba. Mzee alivuka na mchungaji wa kanisa lake, akarudi mikono mitupu. Wiki iliyofuata akavuka tena. Safari hii mama mzazi wa Floribert ndiye aliyemshika Uwimana mkono na kumleta njiani, kwa sababu, alisema, mtoto halali, na kilio chake kinamtoa roho. Floribert hakuonekana. Zilikuwa zimepita siku kumi na tisa.

Winifrida alikuwepo siku mtoto alipofikishwa Heru Juu. Hakualikwa. Alisimama upande wa pili wa barabara, kwenye mashine ya kusaga, kati ya akina mama waliongoja unga. Uwimana alishuka garini amenyolewa nywele, amekonda, amevaa gauni la mtu mkubwa lililofungwa kwa kamba kiunoni. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwa mama yake akakaa chini, akamkumbatia miguu, na ilibidi Ininahazwe aburute miguu yake kuingia ndani naye, kwa kuwa mtoto hakuiachia.

Siku tatu baadaye Ininahazwe alikuja uani kuchukua kanga yake na ndala alizoziacha. Winifrida alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa. Alianza kusema atampa chochote, atamsaidia kodi, atamtafutia Uwimana shule nzuri. Ininahazwe alikunja kanga yake akaiweka begani.

"Tunahama," alisema. "Amejua hapa. Atarudi tu."

"Mnakwenda wapi?"

Swali lilikuwa limeshatoka. Ininahazwe alimtazama, na Winifrida akatamani ardhi immeze.

"Mama Deborah, sikuchukii," alisema. "Nimejaribu nimeshindwa, umenitunza miaka mitatu. Lakini Alhamisi ungesema. Uchoraji naweza kuuelewa, hata yule kukudanganya, alinidanganya hata mimi nikaolewa naye. Alhamisi siielewi."

Akaondoka. Kinu kilibaki na magome yaliyotwangwa nusu, yakaanza kunuka, na Winifrida akayazika mwenyewe nyuma ya choo.

Kuanzia wiki ile alianza kuzitafuta kalenda. Alikuwa na orodha ya karibu wote waliozinunua. Alikwenda majumbani, mashuleni, kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa maharage, kwenye saluni, akaomba kuutoa mwezi wa nane. Alipoulizwa sababu, alisema. Mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo, akikatakata. Baadaye alijilazimisha kusema yote, pamoja na Alhamisi, kwa sababu aliona kwamba kila alipoiacha Alhamisi watu walimwonea huruma. Wengine walimsikiliza wakampa karatasi. Mwenye saluni alimwambia asirudi tena. Mkuu wa shule moja ya Titye alimuuliza atafanya nini na kalenda yenye miezi kumi na moja, basi Winifrida akaenda nyumbani akaandika Agosti nyingine, tarehe tupu bila picha, kwa mkono wake, akampelekea. Akafanya hivyo kwa wote. Alikusanya michoro mia moja na hamsini na tatu. Kalenda arobaini na saba hazikupatikana. Zilikuwa zimekwenda Kigoma, na Uvinza, na ng'ambo, na yeye mwenyewe hakujua ziko ukutani kwa nani.

Oda zilipungua, lakini hazikuisha kama Sylvesta alivyoogopa. Watu bado walioana. Hilo nalo lilimuuma, kwamba alichokuwa amekilinda siku zile mbili hakikuwa hata hatarini sana.

Mwezi wa Julai alikwenda Kibondo kupeleka kadi za kamati moja ya harusi. Aliwakabidhi, wakazihesabu, wakazisifu, wakamwekea soda. Ilikuwa kama saa nane alipotoka kwenda kutafuta gari la kurudi Kasulu. Barabara ilijaa watoto wanaotoka shule, na mmoja wao, msichana mwenye nywele zilizoanza kuota na mkoba uliomzidi, alisimama akamkazia macho.

"Shikamoo, Mama Deborah."

Winifrida aliitikia marahaba. Uwimana alikuwa amenenepa mashavu. Alimuuliza kama bado ana vile vipande vya karatasi alivyokuwa akimpa uani, vilivyokatwa pembeni mwa kadi. Winifrida alifungua mkoba, akakuta vitatu, akampa. Mtoto alivinyanyua kwenye jua kutazama nyuzi zake, akavitia ndani ya daftari kwa uangalifu.

"Mama atafurahi," alisema. "Twende ukamsalimie. Sisi sasa tunakaa kule, ukishapita…"

"Usiniambie," Winifrida alisema.

Ilitoka kwa ukali kuliko alivyotaka. Mtoto alirudi hatua moja nyuma. Mkono wake, uliokuwa umeshaanza kuelekeza njia, ulishuka.

"Usimwambie mtu unapokaa," Winifrida akasema tena, akijitahidi kulainisha sauti. "Si mimi wala mwingine yeyote. Hata akilia mbele yako. Umesikia, mwanangu?"

Uwimana aliitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyegombezwa bila kujua kosa. Winifrida alitaka kumweleza, akaona hakuna namna ya kumweleza mtu wa umri ule jambo hilo bila kumwachia mzigo mwingine. Alimwambia aende, amechelewa, mama yake anamngoja.

Kisha akampa mgongo. Alisimama pale barabarani, amekabili ukuta wa duka la vyombo, akazihesabu sufuria zilizotundikwa mlangoni, moja moja, mpaka alipokuwa na hakika kwamba akigeuka hataweza kuona mtoto amepita njia gani.